Gurdial Aliyewavua Wazungu Viatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1994, Bwana Gurdial anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaonesha watu viti katika jumba letu la muziki. Nimeambiwa niandike mazuri yake. Nitajitahidi.

Alitoka Nairobi mwaka 1968 na mkewe Harjit, watoto wawili, na kilemba kilichonyooka kuliko shati. Wote wanne chumba kimoja, mtaa wa Hayes huku Uingereza. Kazi hii ndiyo iliyowalisha, na wiki ya tatu tu nusura aitupe kwa mikono yake.

Ilikuwa Jumapili mchana. Kwanza kwaya iimbe nyimbo za kanisani, kisha okestra ipige simfoni ya Kijerumani, ile ndefu ya kulialia na kupiga ngoma. Gurdial kusikia anaimbiwa Mungu, akasimama mlangoni akaamuru watu wavue viatu, kama wavuavyo kwao hekaluni. Na Wazungu, kwa kuona kilemba na glavu nyeupe, wakavua! Zaidi ya mia mbili. Mimi wa chumba cha makoti nikamwuliza, “We Kalasinga, una wazimu?”

“Mama, hii watu naimbia Mungu. Na kiatu nawezaje?”

Sawa, hata sisi msikitini twavua. Lakini msikitini hakati mtu tiketi.

Mapumziko yakafika: viatu vyeusi vitupu, chungu nzima, na mabwana wakubwa wanahangaika na soksi zilizotoboka. Meneja akamwambia kengele ya simfoni ikilia na mtu mmoja bado pekupeku, kesho asije.

Ndipo tukajua kwamba Nairobi alikuwa muuza viatu. Hakuuliza mtu namba. Alitazama mguu, akainama, akatoa kiatu. Mguu, kiatu. Mguu, kiatu. Kengele ikalia wote wamevaa, meneja kanywea.

Msidhani nampamba. Simfoni hajaisikia hata moja hadi mwisho. Husinzia wima ukutani kama punda, mfuko umejaa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, na makombo nafagia mimi. Lakini hakuna kizee aliyepanda ngazi zile bila kushikwa mkono naye. Nyinyi vijana wa siku hizi, mnaoelekeza kwa kidole tu, oneni haya.

Ahsante, Gurdial. Mungu akupe afya wewe na Harjit, na siku zenu zilizobaki ziwe njema. Umewakalisha watu wa kutosha. Sasa kaa chini na wewe, mwanamume wee.

Bi Mwatima, chumba cha makoti