Moto wa Kipupwe na Kibuyu cha Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitika kama watu waliokunja mikono kwapani. Najua, Sumbawanga ni baridi. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuwalaumu kwa baridi, na leo nimesimama niwaambie kwa nini.

Wengi mnanijua. Mimi ni Skolastika, Mama Vitalis wa Milanzi, yule wa masweta. Ilipokuja hii ruksa ya biashara na mitumba ikaanza kumwagika mjini, nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutandika turubai sokoni. Biashara ni mdomo, na mdomo Mungu alinipa. "Chukua sweta, baba, kipupwe hakina undugu!" Hivyo ndivyo nilivyosomesha watoto wangu.

Sasa sikieni maajabu. Muuza masweta akaanza kuungua!

Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Joto lilianzia hapa kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni, kama mtu kafunua chungu cha maji yanayochemka mbele yangu. Jasho mpaka kwenye nyusi. Mteja kavaa makoti mawili, meno yanagongana, na mimi nimevua sweta, nimevua kilemba, najipepea na kipande cha boksi. Punde limepita, blauzi imelowa, natetemeka. Nilivua na kuvaa, nilivua na kuvaa, mpaka wenzangu sokoni wakasema Mama Vitalis siku hizi anawajaribishia wateja.

Usingizi ukanikimbia. Moyo ukawa unadunda bila sababu, magoti yakauma. Baba Vitalis akiuliza tu chumvi iko wapi, anapata machozi au anapata maneno. Na siku zangu, wanaume mnivumilie kidogo, zikawa zinakuja zinavyojisikia. Zinapotea, roho inaniruka nikidhani ni mimba ya uzeeni, mama wee! Halafu hizo zimerudi.

Ningemuuliza nani? Mama yangu alifariki nikiwa binti mdogo. Shangazi zangu nao walikuwa wametangulia. Mama mkwe wangu yupo, kule Matai, lakini adabu zetu mnazijua. Mkwe hazungumzi mambo ya mwili na mke wa mwanawe. Ni mwiko. Nikabaki na moto wangu na sala zangu. Nilimwambia Mungu, "Baba, kama ni ugonjwa, nionyeshe. Kama si ugonjwa, nionyeshe pia, maana nachoka!"

Mimi nilikaa kimya, lakini watu hawakukaa kimya. Ndugu zangu, mji wetu huu una sifa yake ya uchawi, hata madereva wa malori wanaijua. Mwanamke anavua nguo kwenye upepo wa Juni, atasemwaje? Wakasema nimetupiwa moto. Na wifi yangu Generoza, dada wa mume wangu, akapata mpaka aliyeutupa. Akasema ni Mama Ng'washi.

Huyu Mama Ng'washi anakaa Izia, kule pembeni kwenye mashamba. Familia yake ilihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Kila asubuhi hupita kwangu na kidumu cha maziwa. Kiswahili chake kina Usukuma, changu kina Ufipa, tunakutana kwenye kicheko. Vitalis wangu alipolazwa na malaria, ni yeye aliyekuja kupika nyumbani kwangu nikiwa hospitali. Huyo ndiye waliyemchagua!

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi aliniambia. "Umeanza kunywa maziwa ya yule mgeni, moto ukaanza. Unataka uone nini tena?"

Wakaitisha kikao cha ukoo, nyumbani kwangu, Jumapili baada ya misa. Neno lilikuwa moja: nipelekwe kwa mganga kule bondeni, amtaje aliyenifanyia. Jina ambalo lingetajwa mnalijua. Na mama mgeni mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni akishatajwa, kinachofuata mnakijua pia. Nyumba inachomwa, ng'ombe wanatawanywa, watoto wanalala njiani. Jamani, hapo ndipo nilipoogopa kweli. Joto nilikuwa nimelizoea. Lakini sasa mwili wangu mimi ulitaka kugeuzwa kuni za kumchomea rafiki yangu.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Matai siku moja kabla, mavuno ya ulezi yakiwa yamekwisha. Alikaa kwenye mkeka na mzigo wake mapajani. Wanawe wakazungumza, Generoza akazungumza, mume wangu akakuna kichwa. Wakakubaliana.

Nikasimama. Wanaonijua wanajua kwamba nikisimama kuna jambo! Nikaingia jikoni, maziwa ya asubuhi yalikuwa yanachemka, nikajaza kikombe kikubwa mpaka juu. Nikarudi katikati yao. "Haya ndiyo maziwa ya Mama Ng'washi," nikasema. "Nitazameni kama nitakufa!" Nikayanywa yote, moto vile vile, macho yangu kwa wifi, kisha nikatua kikombe mezani kwa kishindo.

Weee! Hata sijaketi, joto likapanda! Halijawahi kunipanda namna ile. Uso uliwaka, jasho likanichuruzika mpaka kidevuni, nikashika ukuta. Generoza akaruka juu. "Mmeona? Mmeona wenyewe!" Shemeji yangu mkubwa akasema hakuna haja ya maneno zaidi, kesho asubuhi safari ya bondeni.

Nikalia moyoni. Bwana wangu, nilitaka kumtetea, kumbe nimemzika kwa mikono yangu!

Ndipo mama mkwe akaanza kufungua mzigo wake.

Ndani ya kanga mlikuwa na kibuyu cha mbegu. Hapa lazima niwaeleze wale wasio wa kwetu. Katika ukoo wa mume wangu, mbegu ya ulezi haitunzwi na yeyote tu. Binti haigusi. Mama ambaye bado anazaa haigusi, na mwanaume ndiyo kabisa. Hutunzwa na mwanamke ambaye mambo ya kila mwezi yanamuaga. Mama mkwe alipokea kibuyu kile kwa mama mkwe wake, akakitunza tangu kabla Vitalis hajazaliwa. Kila msimu, hakuna anayepanda mpaka yeye amemimina.

Akainuka taratibu, maana miguu yake ni ya kuombwa. Akaja mpaka nilipo, akanitazama nilivyolowa. Akachukua mikono yangu miwili, akaiwekea kibuyu.

"Pokea, mama," akasema. "Zamu yako imefika."

Basi! Hakutaja mwili. Hakuvunja mwiko. Lakini mle ndani hakuna ambaye hakuelewa. Wanaume wakatazama chini. Shemeji aliyekuwa amesimama akaketi mwenyewe, bila kuambiwa. Mume wangu akafunika uso kwa kofia, nikaona mabega yanatikisika, sijui analia, sijui anacheka.

Bibi yule akamgeukia binti yake. "Generoza, mletee wifi yako maji ya baridi. Na mimi nimiminie hayo maziwa, nina kiu."

Akanywa maziwa ya Mama Ng'washi mbele ya ukoo mzima, akajifuta mdomo. Ikaisha. Safari ya mganga ilifia pale pale. Haleluya!

Kesho yake nilisafiri kweli, lakini mpaka zahanati. Sista muuguzi akanipima, akaniuliza yote ambayo sikuwahi kuulizwa, akanicheka kwa upendo. Akaniambia si uchawi, si laana, ni hedhi inakoma, na kila mwanamke hupita njia hiyo kwa namna yake. Akaniambia maziwa ya moto yale ndiyo yaliyoniwashia, kama chai ya moto, pilipili na pombe zinavyoweza kuwasha. Ninywe vilivyopoa. Nivae pamba ndani, na juu sweta la vifungo. Muuza masweta anafundishwa kuvaa sweta, jamani! Maziwa na dagaa nisiache, kwa ajili ya mifupa, na nitembee kwa miguu. Akanionya pia, na hili kina mama mlishike: siku zikikoma mwaka mzima halafu damu ikarudi, usikae nyumbani, kimbia hospitali.

Je, joto liliondoka? Sitasimama mbele ya Mungu nikadanganya. Lilikaa, na hata sasa hunitembelea. Niliomba aniondolee joto, Yeye akaniondolea hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa inataka kuua mtu. Sasa likipanda, nafungua vifungo, nakunywa maji, nasema asante Bwana, linapita. Mvua zilipofika nilimimina mbegu kwa mkono wangu huu, na shamba lile lililimwa na maksai wa Mama Ng'washi. Ulezi ulikubali!

Kwa hiyo namshukuru Mungu, ambaye alimfanya bibi mmoja aseme yote bila kusema. Kina mama, mnaoungua kimyakimya humu ndani, mtumainini Yeye, na midomo mfungue. Waambieni binti zenu mapema. Msingoje kikao cha ukoo.

Nimemaliza. Ila kabla sijakaa, namwona wifi yangu Generoza pale. Kipupwe chote hiki, kafungua dirisha, kavua sweta nililomuuzia mimi mwenyewe, anajipepea na kitabu cha nyimbo. Wifi yangu, usiinamishe kichwa. Usiogope hata kidogo. Mama Ng'washi umekaa naye benchi moja, na kidumu amekuja nacho.

Mama Ng'washi, mmiminie wifi yangu. Leo yamepoa.