Mzee Ufagio Anakabidhi Kiti

Leo, tarehe 30 Juni 2016, Ndugu Pantaleo Maduhu, Mtendaji wa Kata yetu ya Kambarage, anastaafu baada ya kutumikia umma kwa miaka thelathini na tisa. Mbele yake tunamwita Baba Nelly. Akiwa hayupo tunamwita Mzee Ufagio. Jina hilo analijua, na ameruhusu liandikwe hapa.

Mzee Maduhu aliajiriwa mwaka 1977 akiwa karani hapa Shinyanga. Miaka miwili baadaye majeshi yetu yaliingia Uganda na utawala wa kule ukaanguka. Serikali ikapeleka watumishi raia wachache wasaidie kuendesha miji mpaka wenyeji waunde uongozi wao. Maduhu, kijana ambaye hata Kagera alikuwa hajafika, akapangiwa mji mdogo nyuma ya Masaka. Kazi yake ilikuwa moja: kuwakutanisha wenyeji wachague kamati. Wasipochagua kufikia Jumamosi, mji ungeendelea kuongozwa kutoka kambi ya jeshi, na hakuna aliyejua hadi lini.

Alifanya kama tunavyofanya huku. Alipanda gari lenye kipaza sauti, akazunguka mitaani akitangaza kwa Kiswahili, "Wananchi wote mnaombwa kukusanyika uwanjani bila kukosa." Alipofika uwanjani alikuta mbuzi wawili. Mji mzima ulikuwa umekimbilia migombani.

Dereva wake, Luka, ndiye aliyemweleza. Kule Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa utawala ulioondoka, na walioitikia mwito wa namna ile zamani hawakurudi majumbani. Mzee akifika hapa katika simulizi yake huwa hacheki.

Kesho yake aliacha gari. Kwao Usukumani, anayetaka kusaidiwa shamba huanza kulima mwenyewe, wenzake wamkute na jembe mkononi. Soko la mji lilikuwa limejaa vifusi na uchafu wa vita. Akaazima ufagio, akaanza kufagia bila kumwita mtu. Alifagia siku hiyo na siku iliyofuata. Ijumaa akatokea mshonaji mmoja aliyeitwa Nalongo, mama wa mapacha, ambaye aliwahi kuishi Bukoba. Alimtazama kwa muda, kisha akamwambia kwa Kiswahili, "Kijana, unafagia kama unafukuza kuku. Kwenu hakuna wanawake wa kukufundisha?"

"Shikamoo, mama," akajibu Maduhu.

"Marahaba. Lete huo ufagio."

Jioni soko lilikuwa na wafagiaji wengi kuliko takataka. Jumamosi asubuhi waliketi palepale, wakajadiliana kwa Kiganda ambacho Maduhu hakuelewa hata neno, wakachagua kamati, na Nalongo akawa mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mji, akamkuta kijana wetu ametangulia, ameketi mezani anajiandaa kumpongeza. Amri ya kwanza ya mwenyekiti ilikuwa hii: "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa toka kwenye kiti changu." Mzee anasema hajawahi kupata sifa iliyomfurahisha kuliko hiyo.

Tangu arudi hajashika tena kipaza sauti. Akiwa Nkome, wavuvi na waanika dagaa walipogombea ufukwe, alipita nyumba kwa nyumba akisalimia kwanza. Runzewe, rashi ya dhahabu, yaani mbio za kukimbilia machimbo mapya, ilipolipuka na wachimbaji wakajaa kwenye shamba la pamba la mama mmoja mjane, wengi walitarajia afike na askari. Alifika na jembe, akaanza kufukia duara moja, shimo la wachimbaji lililoachwa wazi. "Mzee, hapo hakuna mali, na unachimba kinyumenyume," wakamtania. Hazikupita siku nyingi wakawa wamechagua viongozi wao, wakakubaliana mipaka na mwenye shamba. Hapa Kambarage tunamkumbuka kwa kufika ofisini kabla ya mhudumu na kumharibia kazi, kwa kuwa hadi leo anafagia kama anafukuza kuku.

Jana yalifanyika makabidhiano kwa Bi. Rhoda Donatus, aliyekuwa msaidizi wake. Nyaraka zilikwisha mapema. Kiti ndicho kilichochelewa. Mzee alikunja nne, akasema hatainuka mpaka aambiwe atoke. Bi. Rhoda, ambaye kwa heshima hajawahi kumtangulia mlangoni, alijaribu kila njia.

"Baba Nelly, karibu huku penye feni."

"Hapa pananitosha."

"Basi ukipenda, mzee, tukapige picha nje."

"Sipendi. Ukishindwa kunitoa mimi, wananchi wataamini vipi kwamba ofisi ni yako?"

Sote tuliokuwepo tuliacha kucheka. Bi. Rhoda akakunja magoti kidogo kama anavyomsalimia kila asubuhi, akasema, "Shikamoo, baba. Umefanya vizuri. Sasa naomba utoke kwenye kiti changu."

"Marahaba, Mtendaji," akajibu. Akasimama, akachukua kofia yake, akakifuta kiti vumbi kwa kiganja.

Mzee Maduhu, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa malezi na uvumilivu wako. Nenda kapumzike kwa afya njema, wewe na mama Nelly, mvua iwakute mmeshalima. Ufagio tumeuacha nyuma ya mlango. Ukipita Kambarage, ingia utusalimie. Viti vya wageni vipo.