Picha Niliyoikata Jina

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Kamwene nyote, hata ninyi mliojifunika makoti mpaka puani. Mimi ni Tumaini, mpambaji keki wa hapa Njombe mjini. Wengi wenu mmekula keki zangu kwenye kipaimara na sendofu. Leo nataka mjue Mungu alinitoa wapi.

Nilikuwa mwongo. Kuoka nilijua, kipawa hicho alinipa Bwana. Keki yangu ilinukia mpaka kwa jirani. Lakini kupamba? Weee! Kwa baridi yetu hii siagi inakuwa ngumu kama sabuni ya mche. Ukiisogeza kwenye jiko la mkaa, inayeyuka yote. Keki zangu zilionekana kama zimenyeshewa njiani, na wateja wa siku hizi wanataka kuona picha kwanza. Basi nikachukua mtandaoni picha za mama mmoja wa Makambako, nikakata kipande cha chini chenye jina lake, nikazirusha kwenye makundi ya akina mama kama kazi yangu. Watu wakanisifu sana. Nikawajibu, "Asanteni, ni neema ya Mungu tu." Ndugu zangu, nilimwingiza Mungu kwenye uongo wangu!

Jumatatu moja akaja mwalimu kutoka Matembwe. Binti yake Eliza alikuwa na sendofu Jumamosi. Akanyoosha kidole kwenye picha moja: keki ya ngazi tatu, imezungukwa na mayungiyungi meupe ya sukari. Akasema, "Nataka hii. Umeshaifanya, kwa hiyo sina wasiwasi." Akaondoka ametulia, wasiwasi wote akaniachia mimi.

Siku mbili nilihangaika na yale maua. Kila petali ilikatika. Nikapiga magoti jikoni, nikamwomba Mungu anipe maua. Hakunipa. Alichonipa ni kumkumbuka yule mama niliyemkata jina, na moyo haukutulia mpaka Jumatano nilipopanda gari kwenda Makambako.

Anaitwa Mama Neema. Kwao ni Mlangali, amelima maharage tangu utoto, na viganja vyake ni vipana vya jembe hasa. Nikamwonyesha picha, nikamwambia yote nikilia. Nilitegemea anifukuze. Aliitazama, akasema, "Mwenzangu, keki hii niliifanya huku jino linaniuma kutwa nzima. Ulipokata jina, ukakata na jino langu humo humo." Nikacheka na machozi yangu! Kisha akasema bila kucheka, "Maua nitakufundisha. Lakini mpigie kwanza baba wa bibi harusi, hapa hapa, nikisikia."

Nikapiga, nikamweleza ukweli wote. Mwalimu akafoka, "Umenidanganya mimi, na watu nimeshawaalika!" Alikuwa na haki. Kisha nikasikia Eliza akichukua simu. Akauliza, "Dada, ile keki uliyotuletea kwenye kipaimara cha mdogo wangu, uliioka mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Basi niokee ile. Maua yatakuwa yatakavyokuwa."

Nilikaa siku mbili kwa Mama Neema. Akaniambia, "Zima simu." Akachuma yungiyungi bustanini kwake, akaliweka mezani mbele yangu, nilitazame mpaka nilijue linavyojikunja. Na vile viganja vya jembe, ndugu zangu, vilisukuma sukari mpaka unaona mwanga ukipita! Ukingo ulipochanika hakukasirika, alikunja akaanza upya. Katika maisha yangu sijaona mtu hodari na mpole kiasi kile. Angeweza kuniaibisha mji mzima, naye akanifunga aproni yake.

Jumamosi nilipeleka keki ya ngazi mbili yenye mayungiyungi matatu, moja limeinama. Eliza akapiga magoti kumlisha baba yake. Mwalimu alitafuna polepole, uso umekaza, nami nyuma ya ukumbi sipumui. Akameza. Kisha, mbele ya wageni wote, akafungua mdomo tena kama mtoto anayedai kijiko cha pili. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, nami nikalia waziwazi. Siku ile Bwana alinifungua, na sijaiba picha tena.

Leo ni mavuno. Pale mbele, kati ya mahindi na maparachichi yenu, kuna keki yangu, nimeipamba mayungiyungi kwa mikono hii. Mama Neema yupo pale benchi la tatu, simameni mumwone! Asante, mama yangu. Asante, Yesu!

Na wewe uliyeficha jambo, usingoje likubane kama lilivyonibana mimi. Mwendee uliyemkosea, Mungu atakuwa amekutangulia mlangoni kwake. Watu huniambia nifute kwenye simu ile picha ya kwanza ya kazi yangu mwenyewe, keki ya Eliza yenye ua lililoinama, eti inaharibu biashara. Siifuti. Ipo nzima, na sijaikata popote.