Ithungu Hakutokea Mlango wa Nyuma

Mchungaji, wazee, majirani na nyote mliopanda mpaka hapa Mahango, mimi Masereka, kaka wa marehemu, nimetumwa na ukoo kuwasomea maisha ya dada yetu Ithungu Jolly, na nikikwama mahali mnivumilie.

Alizaliwa hapa tarehe 4 Machi 1975, binti wa tano wa mzee Yeseri, na kwetu binti wa tano huitwa Ithungu, akasoma mpaka kidato cha pili, akaishia hapo mwaka 1991. Mwaka 1997 aliajiriwa kufagia kliniki moja ya binafsi kule Bwera, akafundishwa kufunga vidonda, kisha kuchoma sindano, na bila cheti wala leseni sote tukamwita nesi. Mwaka 1999 alifunga ndoa na Blasio, mchimba chumvi wa Katwe, Mungu akawajalia watoto wanne.

Juni 2012 alimchoma sindano ya kwinini Bénit, mtoto wa Mama Laurentine, mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, sindano ikaingia pabaya, mguu ukalegea, na Bénit anachechemea hadi leo. Mwaka uliofuata wakaguzi wa serikali walipokuja kuwaondoa wahudumu wasio na leseni, wenzake walitoroka kwa mlango wa nyuma, yeye akabaki kwenye kiti, akawasimulia mwenyewe habari za Bénit, akavua gauni la kazi akalikunja mezani. Mimi bado nina hasira na wakubwa waliofunga kliniki bila kutuletea nesi mwingine, lakini Ithungu alisema wana haki, na hatashika tena sindano mpaka afundishwe sawasawa.

Mwaka 2014 alivaa sare ya shule, akakaa darasa moja na binti yake Ronah, watu wakacheka, akafaulu, na Novemba 2016 akapokelewa chuo cha uuguzi. Waliomletea wagonjwa nyumbani aliwasindikiza hospitali kwa miguu, mikono mitupu, bila kugusa sindano.

Saratani ya tumbo ilimpata Agosti 2018, akaaga dunia Bwera tarehe 9 Februari 2019, akiwa bado hajafanya mtihani wa mwisho. Wanawake wa ukoo walipojiandaa kumuosha, Mama Laurentine aliingia akasema, "Huyu mwanamuke, mimi njo nitamuogesha," na maji aliyachota Bénit.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, walimu wake na wanafunzi wenzake. Msalabani hatukuandika nesi, maana alikataza, akisema hajafuzu.

Dada, tumekuvika sare ya mwanafunzi wa uuguzi, hiyo ni haki yako, hakuna mkaguzi wa kukuvua. Pumzika nayo kwa amani.