Bodi Iliyotundikwa Jikoni Kwangu

Kina mama, nawasalimu kwa Kisambaa, onga mshi. Mmeitikia, nimesikia, ingawa kwa sikio moja. Wakubwa wangu shikamooni. Wa msikitini na wa kanisani, kila mmoja apokee salamu yake. Mkitaka kuniuliza kitu njooni upande wa kulia, maana hili la kushoto siku hizi ni la kuvalia hereni tu. Lilipasuliwa na kipigo cha mtu aliyenioa mbele ya wazee, wakala pilau wakamsifu. Jina lake silitaji. Mnaomjua, nyamazeni nalo.

Mimi ni fundi. Ukifungua redio ndani kuna kile kibao cha kijani kimejaa vidude, ndiyo bodi yenyewe. Karakana yetu hapa Lushoto tunaunda bodi za kuwekwa kwenye maghala ya mboga. Kila moja inapima joto, halafu ina kitufe. Mlinzi akikibonyeza, kengele inalia kwa mwenye ghala. Bodi zile hazichomekwi kwenye soketi ya ukutani. Zinatumia waya wa mtandao, waya mmoja tu, huohuo unaleta umeme na huohuo unapeleka habari. Kina mama, hilo lishikeni, nitalirudia.

Wakati huo zilikuwa za majaribio. Unaweka chipu kwa kibanio, unadondosha risasi ya kulehemu kwa chuma cha moto, unapima kwa mita kwanza, ndipo unawasha. Ukiwa na haraka ukawasha kabla ya kupima, chipu inaungua na kazi ya wiki nzima inanuka moshi. Niliipenda kazi ile. Nakiri mbele yenu, niliipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, na yeye aliliona hilo.

Alianza na maneno. Eti mikono yangu inanuka risasi, eti nakaa na wanaume. Siku moja nikiwa nalehemu nyumbani, mchana kweupe, alikishika kile chuma akaniuliza, "Hiki kinayeyusha risasi. Na nyama je?" Hakungoja jibu. Alama hii hapa, nyuma ya kiganja. Mama mkwe aliponiuliza nikasema nimeungua na sufuria. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha mpaka nikawa hodari wa kuficha.

Alikuwa na desturi yake. Kabla hajanigusa, anakwenda kwenye meni swichi, anaishusha. Tap! Nyumba nzima giza. Hakutaka mtu apite aone kivuli dirishani. Mpaka leo mtu akizima taa ghafla, mkojo unanibana. Chekeni, hata mimi nacheka siku hizi. Na majirani, nawaambia bila kinyongo, ile swichi ikishushwa mlikuwa mnaongeza sauti ya redio.

Sasa mkuu wetu wa karakana, mzee mpole ambaye hata kuku hajui kumfukuza, alisema bodi inayokaa mezani haijajaribiwa. Inatakiwa ikaishi na moshi na ukungu. Nyumba yangu ilikuwa chini ya karakana palepale, kama mjuavyo milima yetu, ukisimama uani kwako unaona paa la mwenzako. Wakateremsha waya kupitia migomba, wakaniingizia dirishani, tukatundika bodi moja kwenye ukuta wa jiko, usawa wa kichwa changu. Kataa kake, yaani taa yake ndogo ya kijani, kakawa kanawaka usiku na mchana. Mume wangu alikatazama tu, akasema, "Haya."

Jioni moja, ukungu umeshashuka, alirudi kutoka shamba la chai akiwa amevimba. Wenzake walikuwa wamemtania kwamba mkewe ana waya wa kuongea na mabwana. Akaingia. Tap! Giza.

"Huu waya unapeleka wapi maneno yangu?"

"Hausikii maneno, baba fulani. Unapima joto tu."

Alichukua mchi wa kinu. Niliweka mkono wa kushoto mbele ya uso, vidole viwili vikavunjika, nikavisikia vikilia kama kuni kavu. Nikaanguka. Akanikanyaga mbavu. Akaninyanyua kwa nywele, akanibana kwenye ukuta wa jiko, mkono mmoja shingoni, akaanza kunipigiza kichwa. Alikuwa anasema, "Leo unakufa, leo unakufa," taratibu, bila kelele. Nami niliamini.

Ndugu zangu, nawaambia, kwa pembeni ya jicho nikaona kijani. Nyumba yote imezimika, kataa kanawaka! Nikakumbuka: umeme wa bodi hautoki humu. Unatoka juu, karakana. Kila kitu alichokizima kilikuwa cha kwake, na hiki hakikuwa chake.

Mkono mmoja ulikuwa umevunjika vidole, mwingine ulikuwa unang'ang'ania mkono wake usinimalize pumzi. Nikasogeza kichwa. Nikajiambia, kama ni kupigizwa, nipigizwe hapa. Akapigiza, kisogo changu kikagonga kitufe. Akapigiza tena. Tena. Huko karakana kengele ikawa inalia, na aliyekuwa akiipiga ni yeye mwenyewe.

Mkuu wetu hakujua kwamba nauawa. Alidhani unyevu umeingia kwenye kitufe. Akasema na fundi mwenzangu, dada mmoja wa Mlola, "Ile bodi imeharibika, twende." Wakashuka na bisibisi na mita.

"Hodi! Bodi yenu inalia ovyo!"

Mume wangu akajibu, "Kesho! Hapa kuna mambo ya nyumbani."

Yule mzee mpole akasukuma mlango. Dada akamulika na simu, akaniona, akapiga ukunga ambao hata redio zenu hazikuushinda. Mkaja. Nasema mlikuja, na waliomshika mpaka mgambo wakafika ni haohao majirani.

Nilitoka hospitali nikiwa na sikio moja na vidole hivi vilivyopinda. Mahakama ilimpa yeye adhabu yake. Mimi nilirudi karakana, na harufu ya chuma cha moto ikanitapisha. Nilitapika siku nyingi. Dada wa Mlola alikuwa ananiletea bodi zilizokufa, ananiambia, "Hii haiwezi kuharibika zaidi, lehemu tu." Nikalehemu vibaya, nikalehemu ovyo, mpaka siku moja nikapima kwa mita, nikawasha, na kataa kakawaka. Nililia pale mezani kama mfiwa.

Namshukuru mzee wetu, ambaye hakungoja kesho. Namshukuru dada kwa koo lake. Nawashukuru na nyinyi mliozima redio, japo mlichelewa. Mwenye kusubiri aitwe ndipo aende, atakwenda kuzika. Ukisikia kitu kinalia ovyo kwa jirani, shuka, hata kama mkononi una bisibisi tu.

La mwisho, nikae. Tumeunda bodi nyingine, na mzee bado anataka zikajaribiwe majumbani, kwenye moshi. Ziko kwenye kikapu hiki, nitakirudisha karakana. Mwenye nafasi ukutani aje kesho karakana achukue moja. Waya tutauleta sisi. Sitamuuliza yeyote kwa nini anaitaka.