Déogratias Kitenge na Waya Usiopitisha Umeme

Wapendwa tuliokutana hapa Likasi leo Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, mimi ni David, mdogo wake marehemu, na shemeji yangu Mimi, mjane wake, amenituma niyasome haya bila kuyalainisha.

Kaka yetu Déogratias Kitenge alizaliwa Kakanda tarehe 14 Machi 1979, akasoma huko shule ya msingi, akamaliza sekondari hapa Likasi mwaka 1998, akasomea fizikia Lubumbashi, kisha akarudi mwaka 2005 kufundisha chuoni mjini kwetu. Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na Mimi Mbombo, Mungu akawajalia Michelle na Yannick.

Mwaka 2012 alianza tasnifu ya udaktari, kuhusu waya mwembamba kupita kiasi, ambamo elektroni hupita moja nyuma ya nyingine, zikisukumana kwa nguvu hadi zote zinakwama na waya haupitishi umeme tena. Yeye alitaka kujua, waya huo ukiwa mfupi na kuunganishwa na metali ya kawaida pande zote mbili, je, umeme utapenya? Majirani, kila umeme ulipokatika mtaani, walimwita aje kwenye transfoma, "Docteur, courant imeenda, kuya utengeneze cabine," naye aliwajibu kwa hasira kwamba waya wake hauonekani hata kwa macho, na kwamba "minye siko docteur bado."

Mahesabu aliyamaliza mwaka 2019, na jibu lilikuwa ndiyo, kwenye baridi kali mno umeme hupenya, ikabaki kuitetea tasnifu tu mbele ya watahini. Utetezi uliahirishwa mara tatu: mara ya kwanza mtahini mmoja alisafiri, mara ya pili kulikuwa na mgomo, mara ya tatu hakuna aliyetoa sababu, na Mimi, aliyekwisha kushona nguo ya sherehe, alichoka kuwaomba wageni radhi. Inauma, wala hatutasema haiumi.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akafariki Ijumaa tarehe 6 Juni. Siku mpya ya utetezi ilikuwa imepangwa tarehe 19, yaani wiki ijayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake waliojitolea damu.

Kwa watakaoshangaa rangi mbichi msalabani, ni sisi ndugu zake tulioandika "Docteur" mbele ya jina, na asubuhi hii shemeji akatuambia, "Kile kintu bamemunyima akiwa muzima, musimupe mu kaburi. Mufute." Tukafuta.

Pumzika, kaka yetu, amani ya Bwana ikufunike.