Hezekia Ashuka Kwenye Lori, Apanda Baiskeli

Basi mara hiyo akaangukia kwenye magunia ya mashudu ya alizeti, mimi nyuma nimebaki nimeshika baiskeli haina mtu. Nikamwambia, Hezekia mdogo wangu, hiyo siyo breki, hiyo ni pedeli. Ukiikanyaga inazidi kukimbia. Akasema, dada, mguu wenyewe ndio unakanyaga, mimi simo.

Haya Yasinta, wewe unayeniandikia, weka na hayo ya ofisini, watu wajue anasemwa nani. Hezekia Kitundu, wa Kinyangiri kule Iramba, dereva wa lori wa chama chetu cha ushirika hapa Singida. Kafanya kazi miaka thelathini na moja, anaiacha tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, mwaka tisini na nne. Mimi ni Damari wa kantini. Nimempikia miaka yote hiyo, ndiyo maana wamesema maneno ya kumuaga niseme mimi. Kusoma sijui, ila mtu nikimuona anavyokula namjua.

Huyu anakula polepole. Ugali wa uwele, mlenda, basi. Mlenda wenyewe uwe wa kukauka, siyo ule wanaotia nyanya siku hizi mpaka unakuwa mchuzi wa harusi. Aliingia hapa utingo, kijana mwembamba, wakamfundisha gari, akapewa lori. Kabeba pamba, kabeba alizeti, kabeba vitunguu, na mlima Sekenke kaupanda na mzigo wakati barabara ilikuwa matope matupu. Gasto alikuwa utingo wake, anakimbia nyuma ya tairi na gogo mkononi, gari likitaka kurudi analiwekea. Hajapindua gari hata mara moja. Aligonga mbuzi tu, kule Ilongero. Wengine hukimbia. Yeye akashuka, akambeba mbuzi mpaka kwa mwenyewe, akamwamkia shikamoo, akaeleza. Yule mzee alikasirika, halafu akasema sasa tumuache afe bure? Wakamchinja, wakamla wote, na Hezekia akarudi kesho yake anasifia supu. Meneja alikuwa amekwisha kununa, lori limelala njiani.

Sasa hivi wanunuzi binafsi wanamfuata mkulima na magari yao mpaka shambani. Lori letu limesimama pale uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sisemi vibaya, mayai yenyewe tunayala.

Na hizo baiskeli ni hivyo hivyo. Zamani mpaka uwe na kibali, na kibali mpaka umjue mtu. Leo zimepangwa nje ya duka kama nyanya. Ndiyo Gasto, aliyestaafu mwaka jana, akawakusanya wastaafu wenzake na wanaokaribia kustaafu, akasema, twendeni Mtwara kwa baiskeli. Kutoka hapa, Manyoni, Dodoma, Morogoro, mpaka baharini huko kusini. Hezekia akanyoosha mkono wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza kama anajua baiskeli. Nani atamuuliza dereva?

Hajui. Kwao hawakuwa nayo, na tangu ujana alikuwa kwenye kabini. Akaja kwangu jikoni, kasimama mlangoni kama mtu anayekopa chumvi. Akasema, dada, nishikie nyuma. Ndiyo tukaanza, nyuma ya ghala, watu wakishaondoka kazini. Anapanda kwa upande wa kulia kama anaingia kwenye lori, suruali inaliwa na mnyororo. Kona anaikata kwa upana, eti trela isiguse. Nikimshika na kumsukuma anakwenda vizuri kabisa. Shida kuanza peke yake, na kusimama.

Juzi Gasto kaja kutafuta pampu, akatukuta. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, wewe bwana mkubwa, utatuua barabarani. Wewe chukua pikapu, ukae nyuma yetu na masufuria. Kila mtu na kazi yake.

Hezekia hakucheka. Akasema, Gasto, miaka yote nimebeba mizigo ya watu. Nimepita Manyoni sijui mara ngapi, na sijawahi kusikia ndege hata mmoja wa Manyoni, ni injini tu inanguruma masikioni. Safari hii nataka kwenda mwenyewe na makalio yangu mwenyewe. Pikapu mpe mwingine.

Gasto akainuka pale chini. Anamuheshimu, lakini kichwa chake kigumu. Wakakubaliana hivi: leo asubuhi, mbele ya wote, Hezekia apande mwenyewe pale getini, bila kushikwa, aje mpaka kwenye mizani, asimame. Akiweza, anakwenda Mtwara na wenzake. Akishindwa, ufunguo wa pikapu huu hapa. Na mimi nimekatazwa kusogea. Ndiyo maana unaniona nimekaa huku kwako naongea, mkono unaniwasha.

Kwa hiyo malizia. Andika kwamba wafanyakazi wote tunamshukuru, waliobaki na waliopunguzwa. Mizigo yetu ilifika. Mungu ampe magoti, ampe barabara kavu na mke wake asimnunie akirudi mweusi kama chungu. Huko aendako akae vizuri, ale vizuri, akumbuke watu wa Singida. Na kama ni pikapu, basi pia—

Hizo kelele za nini? Fabiano mlinzi anaita nani? Mimi? Nimesikia! Anasema nikatoe jiko langu la chai pale karibu na mizani upesi, mtu anakuja juu ya baiskeli.

Niachie mkono, Yasinta. Nakwenda.